Fundi wa makuti aliyeniambia "mvua ni ya Mungu"

Nimekaa na jambo hili moyoni tangu masika yaanze. Leo nalitoa, maana nyumba nyingi hapa Lamu zimeezuliwa na upepo, na wenyewe wanatafuta fundi mbiombio kama nilivyotafuta mimi.

Paa letu la makuti liko juu kabisa, linafunika jikoni na pale mama anapolala. Usiku ule kusi ilinyakua upande mzima, asubuhi tukawa tunaokota makuti kichochoroni. Kabla ya adhuhuri kijana mmoja yuko mlangoni, wala hatukumwita. Alisimama chini, akatazama juu, akataja bei. Hakupanda! Hapo ningemwambia aende zake, lakini mama ameloa na wingu jingine limetanda. Nikampa nusu ya pesa, na siku mbili baadaye nikammalizia.

Mvua ya kwanza iliyofuata ililowesha godoro zima la mama. Nikampigia simu. Akasema, "Mama, mimi naezeka tu, mvua ni ya Mungu." Akakata.

Mvua ni ya Mungu, ndiyo, na mimi ni Muislamu, sihitaji kukumbushwa na mtu aliyekula pesa yangu. Mama yangu ana miaka mingi kuliko umri wangu na wake yeye tukijumlisha. Kijana kama yule anamjibuje mtu hivyo?

Nililala chali nikatazama kwa ndani, nikaona mbingu. Makuti hubanwa, moja likilalia jingine, likiachwa kiasi cha vidole vichache tu. Yeye ameachanisha karibu shubiri. Kwa nje paa limefunikwa vizuri, na makuti aliyopunguza ni faida yake. Tena palipotakiwa kamba ya makumbi amepiga misumari, na kwa chumvi ya bahari hii, kutu haitachelewa.

Nilitaka kuandika kwamba mtu yeyote asimpe kazi. Lakini haki niiseme: boriti iliyovunjika aliibadilisha kwa mkoko mzuri, imekaa imara. Na kule upande wa kibla alikoanzia, makuti yamebanana, hapavuji hata tone. Kumbe kazi anaijua! Hilo ndilo linalonichoma zaidi. Angekuwa hajui ningemsamehe.

Juzi jirani alinielekeza kwa mzee mmoja. Nilimwamkia, akaitikia, akaomba ngazi kabla ya kutaja shilingi. Alipanda, akapenyeza mkono kati ya makuti safu kwa safu, akashuka akaniambia pa kufumua na pa kuacha. Halafu akanipeleka nikaone paa aliloliezeka zamani, niongee na mwenye nyumba mwenyewe, yeye akabaki nje.

Jana yule kijana amepiga simu, atakuja Ijumaa baada ya swala azibe. Nikasema sawa, pengine amejuta. Usiku nikamwona mama anavuta mto wake gizani kukwepa tone. Asubuhi nimempigia: asije.