Mkwakwani, Tanga: nenda siku ambayo Simba na Yanga hawapo

Wengi wasio wa Tanga waliuona Uwanja wa Mkwakwani kwenye televisheni mwaka 2023. Juni 12 Yanga waliifunga Azam bao 1-0 pale, fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa Tanzania. Agosti 13 Simba na Yanga wakamaliza Ngao ya Jamii bila kufungana, kipa Ally Salim akapangua penalti tatu na Simba wakaondoka na ngao kwa 3-1. Siku ya Ngao nilikuwepo. Raha ilikuwepo, sikatai, ila jukwaa halikuwa letu. Niliozungukwa nao wengi walikuwa wameshuka stendi ya Kange asubuhi na mabasi ya Dar, wakashangilia, wakageuza usiku uleule. Ukitaka kuujua uwanja huu, njoo siku Coastal Union, timu ya hapa Tanga, inacheza na Prisons au Namungo, katikati ya wiki, saa 10 jioni.

Siku kama hiyo watu hawajazani, na ndiyo uzuri wake. Kaa safu za chini utamsikia kipa akipanga mabeki wake, utasikia hata kiatu kikigonga ugoko. Na utawasikia wazee. Sijaona kwingine jukwaa lenye wazee wanaoujua mpira kama hawa. Hawaimbi sana, hawana ngoma nyingi, lakini pasi mbovu haiwapiti. Mara ya mwisho nilikaa pembeni ya mzee mmoja mwenye kofia ya kiua na redio ndogo mkononi, anasikiliza mechi ya mkoa mwingine huku anatazama hii. Nikamwamkia, akaitika marahaba macho yakiwa uwanjani. Beki wetu wa kushoto akaubutua mpira nje wakati kiungo amekaa huru mbele yake. Mzee akasimama: "Mwanangu, tulia! Mwenzako huyo hapo, unampa nani mpira?" Beki akageuza shingo kutafuta sauti imetoka wapi. Dakika chache baadaye yule yule kijana akatuliza mpira kifuani, akampa kiungo pasi ya chini, na jukwaa zima likampigia makofi kana kwamba amefunga. Mzee akaniambia taratibu, "Anasikia huyu. Atakuwa mchezaji."

Ndivyo vijana wanavyolelewa hapa, na wengine wanafika mbali. Mwaka 2022 Abdul Suleiman "Sopu" aliifunga Yanga mabao matatu peke yake kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho kule Arusha, mechi ikaisha 3-3, Coastal wakapoteza kwa penalti. Nchi nzima ikaanza kuuliza huyu katoka wapi. Mkwakwani walikuwa wanamjua zamani. Juma Mgunda naye, kabla Simba hawajamkabidhi timu 2022, alikuwa mchezaji wa Coastal na kisha kocha wake, na hapa mjini hadi leo ukimtaja utapata mtu wa kukusimulia alivyokuwa akicheza.

Uwanja ni mali ya CCM kama vilivyo viwanja vingi vya mikoani, na umebeba timu mbili zenye watu wao: Coastal Union, Wagosi wa Kaya, iliyoanzishwa 1948, na African Sports, Wana Kimanumanu. Nyumba nyingi za Ngamiani, hapa mjini, zimegawanyika. Kwetu mjomba ni African Sports wa kufa na kuzikana, sisi wengine Coastal, na siku timu hizi zikikutana chakula cha mchana kinaliwa kimyakimya. Wakubwa watakwambia habari za 1988, Coastal ilipotwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Mimi nakumbuka zaidi 2016, msimu ambao Coastal, African Sports na Mgambo JKT zilishuka daraja zote tatu kwa mpigo. Mkoa mzima ukabaki bila timu Ligi Kuu. Coastal walirudi 2018, na msimu wa 2023/24 wakamaliza nafasi ya nne, golini yuko Ley Matampi aliyecheza mechi 15 za ligi bila kuruhusu bao. Kwa sisi tuliopitia ile miaka miwili, nafasi ya nne ilikuwa sherehe.

Sasa mambo ya kufika. Mabasi yanaishia Kange, nje kidogo ya mji. Chukua daladala au bajaji, uwanja uko mjini kabisa, na kama umefikia Ngamiani utatembea tu kwa miguu. Jukwaa kuu lina paa. Mzunguko, yaani sehemu nyingine za kukaa, ni jua tupu, na saa 10 jua la Tanga bado lina nguvu, joto lenyewe la pwani, shati linaganda mgongoni kabla mpira haujaanza. Hata hivyo mimi hukaa mzunguko, kwa sababu wazee niliowasema wako huko. Beba kofia, na kitu cha kukalia kama mgongo unakusumbua. Nyasi ni za asili, kwa hiyo mechi za masika, Aprili hasa, usitegemee pasi fupi za kupendeza. Mpira unakwama kwenye maji na kila mtu anapiga juu. Ninayemleta kwa mara ya kwanza namwambia asubiri kiangazi.

Nje kuna karanga, mihogo ya kukaanga, na msimu ukiwa wake, machungwa ya Muheza yaliyomenywa tayari. Nunua mawili kabla ya kuingia. Mechi ikiisha teremka Raskazone upate upepo wa bahari, au kaa Ngamiani kwa chai na chapati, utasikia mechi yote ikichezwa upya meza kwa meza.

Kwa mpira wenyewe nampa Mkwakwani nyota nne kati ya tano, na ya tano naizuia kwa ajili ya lile jua la mzunguko. Ila Simba na Yanga wakija tiketi hupanda bei na nafasi hugombaniwa tangu mchana, kwa hiyo angalia ratiba, chagua mechi ya katikati ya msimu, na uhakikishe tarehe tena siku mbili kabla hujakata tiketi ya basi, maana ratiba ya ligi hubadilika.