South Ferry, New York: kituo nilichokijua kikiwa kipya, kikiwa kimefungwa na kikiwa kimerudi

Mimi mzaliwa wa Likoni, kwa hivyo kupanga siku yangu kwa saa za feri sikufundishwa Marekani. Naishi Staten Island, kazi yangu iko karibu na 96th Street kule Manhattan, na tangu 2010 njia yangu ni ileile: feri dakika 25 bila nauli, kisha treni ya chini ya ardhi, namba 1, kutoka kituo chake cha mwisho, South Ferry.

Kituo kipya kilifunguliwa Machi 2009 kwa zaidi ya dola milioni 500. Usiku wa 29 Oktoba 2012, tufani ya Sandy ikaisukuma bahari mpaka ikaingia kwa milango ya abiria, ikashuka ngazi, ikajaza kila mahali. Maji ya chumvi na nyaya za umeme, mwenyewe wajua: kituo kikafungwa.

Kwa miezi mitano namba 1 ikawa inakomea Rector Street. Tukishuka hapo tulimalizia kwa miguu hadi gatini, upepo wa Januari ukitukata masikio, na ukiikosa feri ya usiku, basi umekosa kweli.

Aprili 2013 wakatufungulia kituo cha zamani, cha mwaka 1905. Kilituokoa, sitakivunjia heshima. Ila kimejengwa kwenye kona: jukwaa limepinda kama upinde, treni ina mabehewa 10 lakini milango inafunguliwa ya matano ya mbele tu. Siku ya kwanza nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, mzee mmoja akanigusa bega: "Mwanangu, sogea mbele, hapa hutashuka." Ile kona pia iliacha mwanya mpana kati ya jukwaa na mlango. Treni ikisimama, vibao vya chuma vinateleza kutoka ukingoni mwa jukwaa mpaka vikutane na behewa, ndipo unakanyaga. Na magurudumu yanavyolia pale! Mnaozungumza mnanyamaza kwanza mpaka ipite.

Lifti haikuwepo. Jirani yangu, mama wa Kiliberia mwenye goti bovu, kwa miaka minne alipanda ngazi zile moja moja, mkono mmoja kwenye chuma, mimi nimembebea mfuko.

Kipya kilirudi 27 Juni 2017, baada ya matengenezo ya takriban dola milioni 340. Mama alikwenda moja kwa moja kwenye lifti. Mimi nilisimama mbele ya ule ukuta wa vioo wenye vivuli vya miti, matawi yake yamesambaa kama mishipa ya mkono, nikaona umerudi. Mabehewa yote 10 yanafunguka sasa, na namba 1 inaungana na treni za R na W bila kulipa tena. Kilichonifurahisha zaidi ni kile ambacho wengi wanakipita bila kukitazama: viingilio vimewekewa vizuizi vya mafuriko vinavyoweza kufungwa bahari ikichafuka, na mitambo muhimu ya umeme na ishara iliyokuwa chini kwenye usawa wa reli imepandishwa juu. Hayo yangefanywa tangu 2009. Nyota moja naikata hapo. Nakipa nne kati ya tano.

Sasa habari ya kurefusha reli. Mwaka 2016 kampuni ya AECOM ilipendekeza namba 1 ipitishwe chini ya maji hadi Red Hook, Brooklyn, na Januari 2018 gavana wa wakati huo, Andrew Cuomo, akataka jambo hilo lichunguzwe. Mimi naliunga mkono kwa moyo wote. Red Hook hakuna treni kabisa. Barabara kuu imeutenga mtaa ule na Brooklyn nyingine, na watu wanategemea basi. Mtu wa ng'ambo anayeitazama Manhattan kila asubuhi na hana njia ya kuifikia upesi, mtoto wa Likoni hahitaji kuelezwa.

Lakini wakichimba, waanze na maji. Red Hook nayo ilifurika usiku uleule wa Sandy, na njia yenye midomo miwili ya bahari haitalindwa kwa kuziba mmoja.

Faida ya kituo cha mwisho ni kwamba asubuhi napata kiti, nalala mpaka kazini. Reli ikifika Red Hook, treni itanifikia imeshajaa. Nitasimama mpaka 96th Street, na sina neno.