Programu iliyoifumua omo ya Liemba yangu

Naandika haya hasira zikiwa bado kifuani na sina mpango wa kuzisubiri zipoe. Kama unachora modeli kubwa za matofali ya LEGO kwenye kompyuta, soma kwanza kabla hujalipia kitu. Jina la programu naliacha. Ni moja ya zile za kulipia kila mwezi, matangazo yake yamejaa makasri yenye minara, yanang'aa utadhani yamepigwa picha dukani. Makasri hayo ndiyo yaliyonivuta.

Mimi naijenga MV Liemba, ile meli kongwe ya abiria ya Ziwa Tanganyika. Sijengi kwa plastiki, maana huku Kigoma matofali hayo hayauzwi kwa kipande, na ukitaka kuagiza nje modeli ya ukubwa huu andaa mshahara wa miezi mingi. Najenga kwenye skrini, nikitegemea kwamba siku moja nitatoa orodha kamili ya vipande na kuanza kuviagiza kidogo kidogo. Nimechagua kipimo cha 1 kwa 40, ili yule mwanasesere mdogo wa LEGO asimame sitahani kama abiria wa kweli. Meli yenyewe ina urefu wa mita 71 na ushei, kwa hiyo yangu inakaribia sentimita 180. Kila kinundu cha tofali kiko milimita 8 kutoka kwa mwenzake. Piga hesabu utapata vinundu zaidi ya 220 kutoka omo, yaani pua ya meli, hadi tezi, nyuma kabisa. Matofali yamepita elfu 20.

Anayejua meli anajua kwamba ubavu si kazi. Unapanga tofali juu ya tofali, unalaza mengine ubavuni ili upate madirisha ya duara, na hapo kuna hesabu tamu: bapa, vile vipande vyembamba vya theluthi ya kimo cha tofali, tano zikipandana zinafika milimita 16, sawasawa na upana wa vinundu viwili, kwa hiyo kilichojengwa kwa kusimama kinakutana na kilicholazwa bila hata ufa. Kazi ni omo. Tofali limezaliwa na pembe mraba, na omo haitaki pembe mraba, inataka kuta mbili zinazokuja taratibu mpaka zishikane. Njia ya kweli, ambayo plastiki yenyewe inaikubali, ni bawaba pamoja na pembetatu ya 5, 12 na 13. Unakwenda vinundu 12 mbele na 5 pembeni, ukuta wako wa mshazari unatoka na vinundu 13 kamili, unabana penye kinundu halisi. Ukikisia pembe kwa macho, kwenye skrini itaonekana imeshika, lakini siku ukijenga kwa mikono itakataa.

Omo hiyo niliijenga kwa muda mrefu sana, usiku baada ya usiku. Mjomba wangu, aliyefanya kazi kwenye chumba cha injini cha Liemba miaka mingi, alikuwa akija jioni baada ya swala, anavuta kiti, anaangalia. Hajui kompyuta lakini meli anaijua kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. "Mjomba," aliniambia siku moja akigusa skrini kwa kidole, "hapo kwenye mlango wa ubavuni usipabane. Vijiji visivyo na gati watu wote wanapandia hapo kwa pamoja, mitumbwi inagongana, huyu na gunia la dagaa, yule na mtoto mgongoni." Nikaupanua. Mpaka leo mlango ule ndio sehemu ninayoipenda zaidi katika modeli yote.

Sasa nieleze kilichotokea. Ilikuwa jioni moja masika yanakaribia kuisha. Nikafungua kompyuta, na ile programu ikajiapdeti yenyewe bila kuniuliza, bando langu likaliwa, nikavumilia. Nikafungua faili. Meli ikaja ikitazama upande wa tezi, kila kitu kiko mahali pake: bomba la moshi, kabini za daraja la kwanza juu, winchi. Nikaizungusha. Omo ilikuwa imefunguka kama ganda la mbaazi. Bawaba zote, zote kabisa, zimerudishwa kwenye sifuri. Kuta mbili zilizokuwa zikishikana mbele sasa zimenyooka sambamba, na yote niliyoyaegemeza juu yake, reli za sitaha, nanga, herufi za jina, yamepenyana ndani kwa ndani yakiwaka rangi nyekundu ile ya kuonya kwamba vipande viwili vimekaa mahali pamoja.

Hapo sikuwa nimegusa kitu. Nilikuwa bado nimeduwaa. Ndipo kule pembeni chini nikaona neno dogo la kijani likitokea na kupotea: imehifadhiwa.

Naomba msomaji uelewe uzito wa jambo hili. Programu iliiharibu modeli yangu yenyewe, kisha ikachukua uharibifu huo ikauhifadhi juu ya kazi nzima. Nikakimbilia nakala ya akiba wanayojisifia. Nayo imeshaandikwa upya, dakika ileile, omo wazi vilevile. Nikabonyeza kurudi nyuma, hakuna pa kurudi, kwa kuwa kwa akili ya programu mimi sikuwa nimefanya lolote. Fundi gani anafanya akiba inayomfuata mgonjwa kaburini?

Meli hii imeshawahi kufumuliwa, na waliofanya hivyo walijua kuirudisha. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafumuliwa, ikafungwa kwenye masanduku kama 5,000, ikavuka bahari mpaka Dar es Salaam, ikasafirishwa bara mpaka hapa Kigoma na kuungwa tena riveti kwa riveti. Mwaka 1915 ikaingia ziwani. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha karibu na mdomo wa Mto Malagarasi, lakini kabla ya kuizamisha walizipaka injini grisi nzito ili maji yasizile. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Watu waliokuwa wakikimbia vita walipata muda wa kulinda injini ya meli wanayoizamisha. Programu ya karne hii, yenye kulipiwa kwa mwezi, haikupata sekunde moja ya kuweka faili la zamani pembeni kabla ya kuandika jipya.

Niliwaandikia. Kwa adabu kabisa, na picha nikaambatanisha, kabla na baada. Jibu lilikaa siku kadhaa. Lilipokuja lilikuwa la Kiingereza cha kunyoosha, na lilisema mambo matatu. Kwamba modeli yangu imezidi ukubwa wanaoupendekeza, kwa hiyo niigawe kwenye mafaili madogo. Kwamba sehemu ya bawaba iko katika majaribio na hawana dhamana nayo. Na la tatu ndilo lililonichoma: nikumbuke kuwa hiki ni chombo cha burudani, si cha kihandisi. Chini yake wakaweka kiuso cha kucheka.

Ukubwa gani unaopendekezwa? Uliandikwa wapi? Yale makasri ya kwenye matangazo yana matofali mangapi? Na hilo neno burudani. Mtu anayekaa usiku kutafuta pembe ambayo plastiki itaikubali, anayemsikiliza mzee aeleze upana wa mlango, huyo hachezi. Hata angekuwa anacheza, mtoto wa miaka tisa aliyejenga kibanda cha matofali 50 ana haki ileile ya kukikuta kama alivyokiacha. Niliwajibu hivyo. Hawakuandika tena.

Kilichoniokoa hakikutoka kwao. Wiki chache kabla ya balaa hili nilikuwa nimetoa nakala ya meli kwa mtindo wa LDraw, aina ya faili ambayo programu nyingi za matofali zinaisoma, ili nimtumie rafiki yangu wa Mwanza ambaye kompyuta yake ni dhaifu na anatumia LeoCAD, programu nyingine ya kuchorea matofali. Nakala ilikuwa bado kwenye simu yake. Akanirudishia. Nikaifungua kwanza kwa programu ya kawaida ya kuandikia, ile nyepesi kuliko zote, maana nilishaogopa kila kitu chenye akili. Ndani ni maandishi matupu, kila tofali mstari wake mmoja. Kwa mfano:

1 15 240 -24 60 0.923077 0 0.384615 0 1 0 -0.384615 0 0.923077 3001.dat

Ile 1 ya mwanzo inasema hiki ni kipande. 15 ni rangi nyeupe. Tatu zinazofuata ni mahali kilipo, na -24 maana yake kimepanda juu kimo cha tofali moja, kwa kuwa LDraw huhesabu kwenda chini. 3001 ndilo tofali la vinundu viwili kwa vinne. Na hizo tarakimu tisa za katikati ndizo zinazobeba mzunguko wa kipande. Angalia 0.923077: ni 12 gawanya kwa 13. Na 0.384615 ni 5 gawanya kwa 13. Pembetatu yangu! Ilikuwa imekaa pale, mstari baada ya mstari, ukuta wa kushoto na wa kulia, haijaguswa na mtu. Nilimwita mke wangu aje aone. Sijui aliona nini kwenye tarakimu zile, ila alifurahi kwa kuwa mimi nilifurahi.

Mtindo huo aliuanzisha James Jessiman, kijana wa Australia, mwaka 1995. Alifariki mwaka 1997. Tangu hapo wapenzi wa matofali duniani wameulea bure, kipande kwa kipande, na faili lililoandikwa enzi zile bado linafunguka leo. LEGO wenyewe walikuwa na programu yao, LEGO Digital Designer, iliyotoka 2004, na mwaka 2022 wakaiondoa. Kampuni huja na kuondoka. Maandishi matupu ya marehemu Jessiman yamebaki, na ndiyo yaliyonirudishia meli yangu.

Sasa nyota. Mpaka hapa mtu atasema nipe sifuri, na usiku ule ningetoa sifuri bila kupepesa jicho. Lakini lazima niseme haki. Sijaona programu nyingine yenye chombo cha bawaba kizuri kama hiki. Unashika ukuta, unauzungusha, ukikaribia pembe ambayo vinundu vinakutana kweli unahisi unavutwa na kukaa. Inakuonya tofali linalotaka kukaa mahali pa jingine. Inakuambia kama rangi uliyochagua haijawahi kutengenezwa kwa kipande hicho, jambo ambalo litaniokoa pesa siku ya kuagiza. Vipande nilivyokuwa nimeviongeza baada ya ile nakala ya rafiki nilivirudishia humohumo, kwa sababu ni hapo mkono unakwenda haraka. Na omo ilipofunga tena, mjomba alipiga kofi gotini akasema, "Haya, hiyo sasa inaenda mpaka bandari ya Kasanga, kusini kule." Saa ile nilikuwa tayari kutoa nyota tatu. Pengine hata nne, kama wangeomba radhi.

Juzi hapa nimeenda kutoa nakala nyingine ya LDraw, maana sasa sifungi kompyuta bila kufanya hivyo. Kitufe kimehamishwa. Kimepelekwa kwenye kifurushi cha juu, cha bei karibu mara mbili. Mlango pekee ulioniokoa na uzembe wao, sasa wanautoza. Hawajarekebisha akiba, nimejaribu kwa faili dogo, bado inaandika juu ya ileile. Wamerekebisha kitufe cha kutokea.

Kwa hiyo kama unajenga kitu kidogo, gari au nyumba ya vyumba viwili, itumie mwezi mmoja ujifunze bawaba, kisha toka. Ukiwa na meli, msikiti, stesheni, chochote cha maelfu ya matofali, anza LeoCAD, ni bure na haichagui kompyuta. Ukitaka kamba na mipira ya kupinda, nenda LDCad, nayo bure. Zote mbili zinaandika LDraw moja kwa moja, hakuna wa kukufungia mlango. Mimi nahamisha Liemba polepole, tezi imeshavuka, katikati bado. Nimelipia kile kifurushi cha juu kwa mwezi mmoja tu ili niitoe omo salama, na pesa hiyo imeniuma.

Nyota mbili. Ya pili ni ya aliyetengeneza chombo cha bawaba, wenzake wasiigawane.