Nilivyobadilisha spika za Premio, na jinsi mlango ulivyokula pesa yake

Kwa mwenye haraka: nimeweka spika za Pioneer TS-A1670F kwenye milango ya mbele ya Toyota Premio ya 2004, nikafunika bati la milango hiyo kwa mikeka ya kuzuia mtetemo. Redio nimeiacha ileile na amplifaya sina. Jumla imenitoka shilingi za Uganda 580,000 na nimeridhika. Lakini ningelazimishwa kuchagua kimoja kati ya zile spika na ule mkeka, ningekuna kichwa kwanza, na ndiyo maana naandika. Watu wanauliza "umeweka spika gani?" na hakuna anayeuliza umezifunga kwenye nini.

Gari hili linakwenda Arua na kurudi Kampala kwa shughuli zangu, kama kilomita 480 kila upande kupitia Karuma na Pakwach. Ukishavuka Luwero barabara inanyooka, unabaki na usukani na redio. Spika za kiwandani zilikuwa za karatasi, na umri ulikuwa umezimaliza: ule ukingo laini unaoshika koni (ile sehemu ya mbele inayotetemeka) ulikuwa umekauka na kupasuka upande wa dereva, hivyo kila besi ikigonga inatoka na mkwaruzo. Mimi ni mtu wa rumba ya Kikongo. Magitaa nilikuwa nayasikia vizuri tu, ila mpiga besi kama vile alikuwa hajafika kazini.

Redio nilishabadilisha kitambo, kwa sababu anayoijua kila mwenye gari lililotoka Japani. Redio zao za zamani kwenye FM zinaanzia 76 na kuishia 90, na stesheni zetu zimetawanyika kati ya 88 na 108. Kwa redio ya namna hiyo hapa Kampala unapata zile chache za chini ya 90, kama CBS kwenye 88.8 na 89.2, nyingine mpaka upachike kale kakifaa ka kuhamisha masafa. Sikukataka. Nikanunua redio yenye USB na Bluetooth, ambayo usoni imeandikwa 50W x 4.

Namba hizo ndizo zinazowapoteza watu dukani. Injini ikiwaka, umeme wa gari ni kama volti 14. Kwa volti hizo, redio isiyo na amplifaya ya pembeni haiwezi kuipa spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) zaidi ya wati ishirini na kitu za sauti safi. Zile 50 ni kilele cha kufumba na kufumbua, tena sauti ikiwa imeshaanza kupasuka. Boksi la spika nalo limeandikwa 320 kwa herufi kubwa, lakini namba ya kazi, ile ya RMS, yaani wati ambazo spika inazihimili mfululizo, ni 70. Kwa redio yangu hata hiyo 70 sitaifikia. Kwa hiyo wati zisikutie wazimu.

Asiye na amplifaya atazame desibeli, ambazo kwa kawaida zimejificha nyuma ya boksi kwa maandishi ya sisimizi. Zinasema spika inatoa sauti kiasi gani ukiipa wati moja. Kila zikipungua desibeli 3, unatakiwa uongeze wati mara mbili: spika ya 87 inadai wati 40 ili ifike pale ambapo ya 90 inafika kwa 20. Na kama redio yako ni ya kawaida, baki kwenye omu 4. Zipo spika za omu 2. Redio isiyotengenezwa kwa hizo inaweza kuchemka na kujizima katikati ya safari.

Kununua nilizunguka soko la Kisekka na maduka ya kando ya barabara ya Nakivubo. Kisekka unapata kila kitu, na kwa bei tatu tofauti kabla hujamaliza korido moja. Spika zilizofunguliwa kwenye magari ya Japani zipo, tena za bei nafuu, na kwa mtu ambaye shida yake ni mkwaruzo tu, sioni ubaya. Ila bonyeza koni kwa vidole pande mbili, polepole. Ukisikia kitu kinasuguana ndani, irudishe. Kilichonichekesha ni duka moja ambako nilionyeshwa boksi linalong'aa, jina kubwa, wati 600, pea shilingi 90,000. Nikainua moja. Nyepesi mno. Sumaku ilikuwa imevishwa kofia pana ya plastiki ili ionekane nene, na kilichokuwa chini ya kofia ni kipande kidogo tu. Nikashukuru, nikaondoka. Pea niliyochukua kwingine ilikuwa 300,000, na uzito wake ulijieleza wenyewe.

Fundi wangu ni kijana wa Koboko, ana kibanda Ndeeba. Alipoona boksi alifurahi.

"Mzee, hii ni kazi ya nusu saa. Natoa za zamani, napachika mpya, unaenda zako."

"Mwanangu, leo hatuna haraka. Nataka tuufungue mlango wote."

Alinitazama kama mtu anayehesabu chakula cha mchana kinavyomponyoka, ila tulipokubaliana 70,000 akatulia.

Paneli ya mlango wa Premio haina ugumu. Kuna skrubu chache, moja imejificha nyuma ya mkono wa kufungulia, halafu inabaki kuvuta klipu kwa kipande cha plastiki kilichochongoka. Usitumie bisibisi ya chuma, inachubua. Klipu kadhaa zitavunjika hata ufanye adabu namna gani. Nunua za akiba mapema, ni pesa ndogo.

Nyuma ya paneli utakuta karatasi ya plastiki iliyobandikwa kwa gundi nyeusi inayonata. Hapa simama juu ya kichwa cha fundi. Mafundi wengi huirarua na kuitupa, wakidhani ni ya kuzuia vumbi tu. Mvua ikipiga kioo, maji huteremka ndani ya mlango na kutokea kwenye vitundu vya chini. Hiyo plastiki ndiyo inayoyazuia yasiingie kwenye zulia. Ukiitoa bila kuweka kitu badala yake, msimu wa mvua utakaa kwenye gari linalonuka soksi. Vile vitundu vya chini navyo visizibwe kamwe, la sivyo maji yatalala humo na bati litaoza kwa kutu.

Spika ya zamani ilikuwa imeungwa na fremu yake ya plastiki, imeinuka kutoka kwenye bati. Hii mpya ni bapa. Ukiifunga moja kwa moja inazama ndani, na kioo kikiteremka kinakutana na sumaku. Dawa yake ni ringi ya mbao. Ndeeba maseremala hawakosekani, jirani wa fundi alitukatia ringi mbili za plaiwudi ya milimita 18 kwa 20,000, tukazipaka vanishi pande zote kwa sababu mbao kavu ndani ya mlango hunywa unyevu na kuvimba. Kabla ya kukaza skrubu ya mwisho, teremsha kioo mpaka chini kabisa.

Nyaya za kiwandani sikuruhusu zikatwe. Kuna plagi za kuunganisha zinazoingia kwenye soketi ya Toyota upande mmoja na kwenye spika upande wa pili. 20,000 kwa pea. Siku ukitaka kurudisha gari lilivyokuwa, unachomoa tu. Ule mtindo wa kusokota nyaya na kuzifunga selotepu, kwenye mlango unaofunguliwa na kufungwa mchana kutwa, ni wa kujitafutia matatizo. Na kabla hamjafunga, jaribuni chanya na hasi kwa betri ya tochi: ukigusisha chanya kwa chanya, koni inatoka nje. Upande mmoja ukiwa umegeuzwa, spika moja inasukuma wakati mwenzake anavuta, besi inayeyuka na sauti ya mwimbaji haijulikani inatokea wapi.

Sasa mkeka. Huu ni mpira wa butili unaonata, mgongoni una karatasi ya alumini. Wa milango miwili ulinigharimu 170,000, na hapo ndipo fundi aliponiona mzee asiye na kazi ya kufanyia pesa. Nikamwambia tufanye hivi: mlango wa abiria tuuvike mkeka, wa dereva tupachike spika mpya hivihivi, halafu tusikilize.

Spika hutoa sauti mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Koni ikisukuma hewa mbele, mgongoni inavuta. Hewa ya nyuma ikipata upenyo wa kuja mbele, zinakutana na kuuana, na kinachokufa kwanza ni besi. Bati la ndani la mlango limejaa matundu makubwa ambayo kiwanda kiliyaacha ili mafundi wafikie mashine ya kioo. Juu ya hayo, bati la nje ni jembamba. Ligonge kwa kifundo cha kidole, linalia. Likilia na muziki, unasikia bati pamoja na wimbo. Kwa hiyo tulibandika vipande upande wa ndani wa bati la nje ili lisitetemeke, kisha tukaziba matundu ya bati la ndani, tukisugua kila kipande mpaka kishike. Bati lazima lisafishwe kwanza kwa petroli kidogo na kitambaa, maana vumbi jekundu la barabara zetu huingia kote humo na gundi haipatani nalo. Ile plastiki ya kiwandani ikarudi juu yake.

Nikakaa katikati ya viti vya mbele, nikawa nahamisha balansi. Kulia, mlango mtupu wenye spika mpya: sauti safi, kali, mkwaruzo umekwisha, lakini nyembamba bado. Kushoto, spika ileile, redio ileile, wimbo uleule: besi ina mwili, noti zinaanza na kuisha, ngoma haina mwangwi wa debe. Fundi aliingiza kichwa dirishani, akasikiliza kulia, akasikiliza kushoto, akanyamaza kidogo, kisha akauliza mkeka nimeununua duka gani. Mlango wa dereva tukaufanya bila mjadala.

Tahadhari kwa anayetaka kubana matumizi: utauziwa utepe wa lami, ule wa kuziba mapaa yanayovuja. Unafanana na mkeka na bei yake ni ndogo. Lami ikipata joto hulainika, na gari lililoegeshwa juani Pakwach mwezi wa pili si mahali pa lami. Inateremka, inanuka, na kuikwangua baadaye ni adhabu. Butili inavumilia joto hilo.

Mipangilio ya redio ni midogo. Nimekata sauti nzito sana zilizo chini ya hezi 80, kwa sababu spika ya inchi sita na nusu ikilazimishwa huko inahangaika bure na kuharibu sauti nyingine. Kitufe cha kuongeza besi nimekizima. Twita, kale kaspika ka sauti kali, nimeipunguza hatua mbili. Ndani ya gari lenye vioo pande zote sauti kali hurukaruka, na masikio yangu si ya kijana.

Barabarani tofauti kubwa zaidi sikuipata kwenye muziki. Niliipata kwenye maneno. Taarifa ya habari naisikia vizuri kwa mwendo wa 90, bila kuongeza sauti mpaka abiria wa nyuma walalamike. Kelele za barabara kupitia milango ya mbele nazo zimepungua, na mlango ukifungwa unatoa mlio mzito wa gari la bei kubwa kuliko hili. Mke wangu, ambaye habari za spika hazimhusu, aliuliza kama nimebadilisha milango.

Hasara zipo. Ukitaka besi ya kutikisa shati, spika za mlangoni hazitakupa. Hiyo ni kazi ya sabufa (spika kubwa ya besi peke yake) na amplifaya, na bajeti nyingine kabisa. Mfuko wa mlango sasa hautaki sarafu wala funguo, zinacheza kila noti nzito ikipita. Halafu spika nzuri hazina siri: zile nyimbo nilizojaziwa kwenye flashi vibandani, zilizobanwa mpaka zikakonda, sasa nasikia matoazi yanavyochuruzika kama maji. Nimelazimika kutafuta upya rumba zangu zote kwa ubora unaoeleweka, na hilo limenila muda kuliko kazi ya milango.

Mvua kubwa zimeshapiga tangu wakati huo na zulia ni kavu. Milango ya nyuma bado ina spika zake za karatasi. Nimezipunguza sauti, zinasindikiza tu. Nikipata pesa nyingine nitaanza na mkeka wa milango hiyo, spika zitasubiri.