Globu za taa kubwa kwenye IST yangu: aina tatu, barabara moja

Kila Desemba tunapanda Lushoto kwa wakwe zangu, na kwa kuwa natoka kazini jioni, giza hutukuta kabla hatujafika Chalinze. Mwaka juzi, maeneo ya Mkata, nilikuwa kwenye dimu, yaani taa za chini, lori linakuja mbele. Tulipopishana tu nikamwona mzee amesimama na baiskeli ukingoni mwa lami, hatua chache kutoka kioo changu cha pembeni. Nilikuwa sijamwona kabisa. Mke wangu alimwona muda uleule, akanishika mkono bila kusema kitu. Tulipofika Segera nilishuka nikaziangalia taa kwa mbele: zinawaka zote mbili, ila rangi yake kama ya kibatari.

Gari ni Toyota IST ya 2004. Taa zake zinatumia globu moja kila upande, aina ya H4, yenye nyuzi mbili ndani: moja ya dimu, nyingine ya fulu, yaani mwanga wa mbali. Tangu usiku ule nimeshafunga aina tatu za globu kwenye taa hizohizo na kupita nazo barabara hiyohiyo, kwa hiyo haya ninayoyasema nimeyaona mwenyewe.

Nilianza na ushauri wa fundi wa mtaani kwetu: toa hizi za wati 60 kwa 55 (fulu kwa dimu) zilizotoka na gari, weka za 100 kwa 90. Nazo ni H4, zinaingia bila shida. Wiki ya kwanza nilifurahi kweli, mwanga ulikuwa mwingi. Wiki ya tatu nikaanza kusikia harufu ya plastiki kila nikizima gari. Tulipofungua boneti, soketi ya kushoto ilikuwa imegeuka kahawia, na fundi alipoivuta globu ikatoka na kipande cha plastiki kimeng'ang'ania kwenye mguu wake mmoja. Sababu ni hesabu ndogo tu. Dimu ya wati 55 kwa volti 12 inavuta ampea kama 4.6, ya wati 90 inavuta 7.5. Waya, soketi na swichi havikubadilika, ila vimebebeshwa mzigo usio wao. Ukiambiwa uweke hizi bila kufunga waya mnene na relei zake (swichi ndogo za kubeba umeme mwingi), kataa. Mimi niliponea kwenye soketi, kuna wenzangu gari limeshika moto.

Nikaenda Gerezani, Dar. Dukani muuzaji alizichomeka globu za LED, zinazotoa mwanga kwa chipu badala ya uzi, kwenye betri iliyokuwa mezani, akamulika dari, duka zima likawa jeupe. "Kaka, hizi lumeni elfu ishirini. Usiku utakuwa mchana." Lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga. Nililipa shilingi 75,000 kwa jozi. Leo najua nilipaswa kusoma boksi palepale, maana pembeni lilisema wati 50. H4 ya kawaida inatoa takriban lumeni 1,650 kwenye fulu na 1,000 kwenye dimu. LED nzuri inatoa kama lumeni 100 kwa kila wati, kwa hiyo wati 50 haziwezi kufika 20,000 hata kidogo. Namba ile ilikuwa ya kuuzia.

Kuzifunga tu kulikuwa na mkosi. LED ina feni nyuma ya kupoza joto, na ile feni ikagongana na mpira wa taa, ule mweusi unaoziba tundu la nyuma. Fundi akasema tuuache, hauna kazi. Una kazi kubwa. Mvua za Machi zilipoanza, taa ya kulia ikawa na ukungu kwa ndani kila asubuhi, matone yanateleza kwenye rifleta, lile bakuli linalong'aa la kurusha mwanga mbele. Halafu redio: nikiwasha taa, stesheni zote za mbali za FM zinaanza kukwaruza.

Lakini hayo ningeyavumilia kama ningekuwa naona. Tatizo nililigundua barabarani, tena taratibu, kwa sababu mwanzoni jicho linadanganyika. Mita ishirini za mbele ya gari zilikuwa nyeupe pe, unaona kila kokoto. Ng'ambo ya hapo, weusi. Na kwa sababu macho yamezoea ule weupe wa karibu, giza la mbali linazidi kuwa zito. Huku malori yananipigia fulu moja baada ya jingine, wakati mimi niko kwenye dimu. Tulipoanza kupanda kutoka Mombo na kukutana na ukungu juu ya Soni, nilijikuta naendesha mbele ya ukuta wa maziwa. Watu husema ni ile rangi nyeupe. Kwa niliyoyaona, tatizo kubwa zaidi ni mwanga unaopanda juu: unagonga ukungu usawa wa macho na kukurudia usoni.

Kwa nini upande juu? Chukua H4 ya kawaida uitazame vizuri, utaona chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma. Kazi yake ni kuzuia mwanga wa chini usifike kwenye nusu ya rifleta ambayo ingeurusha juu. Rifleta nayo imechongwa kwa kutegemea uzi ukae mahali pamoja tu. Ukisogea milimita moja, mwanga unaharibika mita hamsini mbele. LED zangu zilikuwa na vibati vya kuigiza kile kikombe, lakini chipu zake ni pana kuliko uzi na zimekaa pembeni mwa ubao, hazikukaa pale uzi unapokaa. Nilimulika ukuta wa jirani nikaona kwa macho yangu: halojeni, yaani ile H4 ya kawaida, inachora mstari, chini mwanga, juu giza, na upande wa kushoto mstari unapanda kidogo ili kumulika ukingo wa barabara. LED ilichora wingu.

Kilichonimaliza ni jirani yangu wa bodaboda. Alinisubiri getini akaniambia kwa heshima kabisa, "Baba Neema, samahani, ukija usiku hatuoni njia. Juzi nilitaka kuingia mtaroni na abiria." Nilizitoa Jumamosi hiyohiyo. Niliogopa nisiwe mimi wa kumfanyia mwingine kile kilichonitokea Mkata.

Safari hii nilimtafuta fundi umeme anayetumia mita, na hapa ndipo pesa yangu ilipofanya kazi. Hakugusa globu kwanza. Aliwasha injini, akapima betri: volti 14.1. Akapima kwenye miguu ya soketi taa zikiwa zinawaka: 12.4. Karibu volti mbili zinapotelea njiani, kwenye soketi iliyoungua na kwenye ethi, yaani pale waya unapofungwa kwenye bodi ya gari, iliyoota kutu chini ya taa. Akakwangua ile ethi mpaka bati likang'aa, akafunga soketi mpya za kauri. Tukapima tena, 13.5. Volti moja unaiona ndogo, lakini mwanga wa halojeni hushuka haraka sana volti zikipungua: kwa 12.4 nilikuwa napoteza karibu robo ya mwanga ambao globu ileile ingetoa kwa 13.5. Miaka yote nailaumu globu!

Kisha vioo vya taa. Ni plastiki, na jua la Dar linavigeuza njano. Tulivisugua kwa msasa wa maji, namba 800, 1500, halafu 2000, tukamalizia na polishi na kupaka kinga juu yake, kwa sababu bila kinga unjano unarudi. Dawa ya meno niliwahi kuijaribu, inang'arisha siku chache tu.

Globu nilizonunua mwishoni ni Philips za kawaida, 12V 60/55W, shilingi 36,000 kwa mbili. Kuna zile zilizoandikwa +100 au +150, yaani asilimia ya mwanga wa ziada. Hizo ni kweli zinaongeza mwanga katika sehemu fulani za barabara, ikilinganishwa na kiwango cha chini kinachotakiwa, lakini uzi wake unasukumwa zaidi na hauishi muda mrefu. Kwa mtu anayetembea usiku mara moja moja, za kawaida zinatosha. Zenye kioo cha bluu niliziacha kabisa: ile bluu ni chujio, inakula mwanga uliolipia. Feki zipo nyingi, hivyo niliangalia alama ya E ndani ya duara (ya kuonyesha imeidhinishwa) kwenye shingo ya globu, maandishi yamechongwa safi, na uzi umenyooka bila kupinda. Duka lilinikubalia kuzijaribu kabla ya kulipa.

Wakati wa kufunga, shika shingo ya chuma, usiguse kioo. Mafuta ya kidole yanaungua juu yake na kudhoofisha kioo mahali pale. Ukigusa, futa kwa spiriti.

Mwisho tulizilenga. Gari mita 10 kutoka ukutani, tairi zina upepo, mimi nimekaa kwenye usukani. Katikati ya taa hadi chini ni sentimita 66, kwa hiyo tukaushusha mstari hadi 56 kwa kuzungusha skrubu za nyuma ya taa kwa bisibisi. Mteremko huo wa sentimita 10 kila mita 10 maana yake dimu inafika mita 66 hivi. Halafu kuna kile kitufe cha kuzungusha chini ya usukani chenye namba 0 hadi 5. Ukipakia mizigo nyuma, pua ya gari inanyanyuka, nawe unazishusha taa kwa kitufe hicho. Nilikuwa nimemiliki gari miaka sita bila kujua ni cha nini.

Shemeji yangu aliyeko Bujumbura aliniuliza kama afuate hayohayo. Kwake lipo jambo moja la ziada: taa za Japani zimetengenezwa kwa barabara za kushoto kama zetu, na Burundi wanaendesha kulia, kwa hiyo ule mstari unaopanda kushoto unamwingia machoni anayekuja. Dawa yake ni taa nzima zilizotengenezwa kwa barabara za kulia, globu haiwezi kulirekebisha.

Desemba iliyofuata tulipita Mkata saa tatu usiku. Mwanga ni wa manjano kidogo, hautishi mtu ukiuona ukutani. Ila ukingo wa kushoto niliuona wote, majani, vibao, na vijana wawili wanatembea na madumu mgongoni, nikawaona mapema kiasi cha kuondoa mguu kwenye mafuta na kuwapa nafasi. Hakuna lori lililonipigia fulu hadi Mombo.

Jumla nilitumia shilingi 36,000 za globu, 30,000 za soketi na ufundi, 20,000 za kusafisha vioo. Globu ya kushoto iliungua mwezi uliopita baada ya mwaka na miezi mitatu. Nimebadilisha zote mbili kwa pamoja, na ile ya kulia ambayo bado ni nzima nimeifunga kwenye kitambaa, iko kwenye droo ya gari.