Nyimbo Zilizokataliwa Kufasiriwa: Masanduku ya Muziki wa The Lord of the Rings

Binamu yangu anayeishi London alipokuja Mombasa kututembelea aliniletea masanduku matatu ya diski, yaliyokusanya muziki wote ambao Howard Shore, mtunzi mzaliwa wa Kanada, aliuandikia filamu tatu za The Lord of the Rings. Sanduku jekundu, la filamu ya kwanza, lilitoka mwaka 2005. La buluu likafuata mwaka 2006, na la kijani mwaka 2007. Kwa jumla ni diski 10 za kawaida, mbali na zile zinazohitaji mashine ya DVD ambayo mimi sina, na mtu akizicheza mfululizo zitamchukua zaidi ya saa 9. Ni mali ya mitumba, na hata hivyo nimezilipia bei ya mbuzi wa Idi mwenye afya njema.

Muuzaji, ambaye nitamsitiri, alimhakikishia binamu yangu kwamba hakuna kilichopungua. Nilipofungua sanduku jekundu nyumbani kwetu Kibokoni, kijitabu cha maelezo hakikuwemo, na diski moja ilikuwa na mchubuko wa urefu wa ukucha. Nilikasirika, na sijui kama nimesamehe. Lakini kasoro hiyo ndiyo iliyonifanya niusikilize muziki huu kwa namna ambayo nisingeusikiliza kama kila kitu kingekuwa mahali pake, kwa sababu sehemu kubwa ya yanayoimbwa humu yameimbwa kwa lugha ambazo hakuna taifa duniani linalozungumza.

J.R.R. Tolkien, mwandishi wa riwaya iliyozaa filamu hizi na aliyekuwa profesa wa lugha katika Chuo Kikuu cha Oxford, aliunda lugha za ulimwengu wake zikiwa na sarufi na historia, na huwezi kuzichukulia kuwa sauti za kubahatisha. Walipofika kwenye muziki wa filamu, watengenezaji hawakuridhika kuipa kwaya vokali tupu za kufungua midomo. Philippa Boyens, mmoja wa waandishi wa filamu hizo, alitunga matini nyingi kwa Kiingereza, kisha mwanaisimu David Salo akazitia katika Sindarin na Quenya za Waelvi, jamii ya viumbe wasiozeeka katika hadithi hiyo, Khuzdul ya mbilikimo, na Adûnaic ya wanadamu wa kale. Msikilizaji hafahamu hata neno moja, lakini kila neno lina maana yake. Mimi, bila kijitabu, nikawa nimekaa mlangoni pa nyumba yenye watu, nasikia mazungumzo na siruhusiwi kuingia.

Usiku wa kwanza, baada ya swala ya Isha, wakati tuktuk zimepungua barabarani na jenereta ya jirani imenyamaza, niliweka ile diski yenye maombolezo ya Lothlórien. Katika hadithi, kundi la wasafiri limempoteza kiongozi wao, Gandalf, aliyetumbukia shimoni akipambana na jini la moto, na wanapofika katika msitu wa Waelvi wanasikia sauti zikimlilia juu ya miti. Mwimbaji ni Elizabeth Fraser wa Scotland, ambaye tangu enzi za bendi yake ya Cocteau Twins amejulikana kwa kuimba maneno yasiyoshikika kirahisi, na kwa hiyo sidhani kwamba kuchaguliwa kwake kulikuwa kwa bahati. Sauti inapanda polepole, inasita kama mtu anayemeza mate, kisha inashuka bila kufika pale ambapo sikio lilitarajia itue.

Shangazi yangu alikuwa jikoni akisafisha mchele wa daku. Hajaiona filamu hiyo, wala hana habari za Waelvi. Alisimama kizingitini, ungo mkononi, akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nani alofiwa?"

Nilimjibu kwamba ni hadithi tu. Akatikisa kichwa, akarudi jikoni, na nikamsikia akisema peke yake kwamba hadithi haililiwi hivyo.

Katika tukio hilo la filamu, mmoja wa wasafiri wadogo wa kimo anauliza wanasema nini juu ya Gandalf, naye Legolas, ambaye ndiye Mwelvi pekee miongoni mwao, anakataa kuwafasiria. Anasema hana moyo wa kuwaambia, kwa kuwa huzuni bado iko karibu mno. Basi hata ndani ya hadithi wenyewe wasafiri wanaachwa mlangoni, na mtazamaji anaachwa pamoja nao. Kutoelewa kwetu kumetungwa kwa makusudi, nako ni sehemu ya msiba: kuna majonzi ambayo mgeni anaruhusiwa kuyasikia lakini si kuyagusa.

Baadaye niliazimwa kitabu cha Doug Adams kuhusu muziki huu, kilichochapishwa mwaka 2010, na humo nikazikuta matini pamoja na tafsiri zake. Maombolezo yale yanamwita marehemu msafiri wa kijivu, yanasema hatatembea tena katika mashamba ya kijani ya dunia hii, na kwamba safari yake imekomea gizani. Nikaurudia wimbo usiku huohuo. Sauti ilikuwa ileile na kituo kilekile, lakini sasa ule mshuko uliokuwa ukinisumbua ulikuwa na sababu, kwani ndipo safari inapokatika. Zaidi ya hayo, anayeijua hadithi anajua kwamba safari haikukomea gizani na kwamba Gandalf atarejea. Waimbaji wanalia kwa ukweli wote walio nao, na ukweli wenyewe si kamili. Vinanda vya okestra visingeweza kubeba jambo hilo peke yake, lilihitaji maneno.

Sisi wa pwani hatupaswi kuliona jambo hili kuwa geni. Katika utendi wa Fumo Liyongo, ambao Muhammad Kijumwa wa Lamu aliuandika mwaka 1913, shujaa amefungwa Pate na anasubiri kuuawa. Anampa kijakazi Saada ujumbe kwa wimbo, ampelekee mama yake, na ndani ya wimbo huo mna maagizo ya kuoka mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake. Walinzi wanakula mikate mizuri na kumwachia mfungwa wishwa. Kisha Liyongo anaomba ngoma ya gungu, na matari na matoazi yanapovuma yeye anakereza pingu zake chini ya kelele hizo. Wimbo mmoja ukambeba salama kwa maneno yake, na ngoma ikamficha kwa sauti yake. Mama alisikia maana, walinzi wakasikia burudani. Kwa wiki tatu nilizokaa bila kijitabu nilikuwa mlinzi wa Pate, nikila mkate mweupe na kuusifu.

Nilithibitisha hilo nilipofika kwa wale wapandafarasi tisa weusi wanaomfukuza mbeba pete, yule msafiri aliyepewa pete ya uovu akaiangamize. Kwaya inawapokea kwa mdundo mkali na silabi zinazogongana, na kwa masikio yangu ya kwanza nilidhani ni vitisho tu, sauti za kumtia mtu baridi ya mgongo. Shangazi alipiga kelele kutoka chumbani, "Punguza hayo, usituitie mashetani!" Kitabu kikaonyesha kwamba wapandafarasi wanajieleza wenyewe kwa nafsi ya kwanza: wanamkana Muumba wao, wanashikamana na giza, wanajitwalia nguvu na utukufu, na kujitangaza kuwa mabwana wa uhai usiokoma. Ni kiapo. Nacho kimewekwa katika Adûnaic, lugha ya wanadamu wa Númenor, maana hawa nao walikuwa wanadamu kabla ya kuuza nafsi zao. Lugha waliyoimbiwa ndicho kitu pekee cha ubinadamu kilichobaki kwao. Shangazi, kwa njia yake, hakuwa mbali sana na tafsiri.

Watu wa Rohan, mmoja wa falme za wanadamu katika hadithi, waliomo katika sanduku la buluu, wamepewa fidla ya Hardanger kutoka Norway, ambayo chini ya nyuzi zinazopigwa ina nyuzi nyingine zinazovuma zenyewe kwa kuitikia. Ndiyo maana sauti yake ina ukungu fulani, kama mtu anayeimba na mwenzake akimfuatiliza kwa kuguna. Matini zao ziko katika Kiingereza cha kale, lugha ya kweli iliyokufa, kwa sababu Tolkien aliitumia lugha hiyo kuwakilisha usemi wa taifa hilo. Msomaji wa Mombasa atalielewa hili mara moja akifikiria maombolezo yaliyotungwa kwa Kingozi: Mswahili wa leo anakamata neno hapa na neno pale, nusu ya ubeti inampita, lakini anajua kwamba waliosema hivyo walikuwa jamaa zake. Nadhani Mwingereza anayeusikia wimbo wa Éowyn, binti wa ukoo wa kifalme wa Rohan, kwenye mazishi ya binamu yake Théodred hupatwa na hali hiyohiyo. Kwa mbilikimo wa Moria, mji wao wa chini ya milima, nitapita haraka. Kwaya ile ya wanaume, ambayo ndani yake wamo waimbaji wa Kimaori na Kisamoa, inatikisa madirisha, na inatosha.

Kipande ninachokipenda kuliko vyote kimo katika sanduku la kijani, nacho hakina lugha ya kubuni hata kidogo. Pippin, mmoja wa wale wasafiri wadogo, aliyeapa kumtumikia mtawala wa Gondor, anaamriwa aimbe wakati mtawala huyo anakula, na nje mwanawe anapanda farasi kwenda kufa kwa amri ya baba yake. Mwigizaji wa Pippin, Billy Boyd, aliitunga sauti ya wimbo huo mwenyewe. Anaanza kuimba bila ala, sauti nyembamba yenye kutetemeka kidogo, juu ya nyumba iliyobaki nyuma na dunia iliyo mbele, na njia nyingi za kupita hadi kiza kiingie. Maneno hayo yametolewa katika wimbo wa kutembea uliomo katika kitabu cha Tolkien, ambao Wahobiti, jamii ya hao wadogo, wanauimba wakiwa na furaha, na ambao humalizikia nyumbani penye moto, taa, nyama na mkate, halafu kitanda. Katika filamu kurudi nyumbani kumeondolewa. Wimbo unaachwa kwenye vivuli vinavyofifia, na hivyo wimbo wa watembezi ukageuka kuwa wa mazishi ya mtu aliye hai bado. Wapenzi wa taarabu wanaifahamu kazi hii: shairi lilelile la sifa, ukilikata ubeti wa mwisho na kulipeleka kwenye harusi ya mtu fulani, linakuwa mshale.

Sasa kasoro, na hapa silaumu muuzaji. Shore mara nyingi huzikatakata matini, akachukua vipande vya mistari na kuvirudia kama muziki unavyotaka, hata mtu mwenye tafsiri mkononi hapati mahali pa kushika. Mtu aliyelelewa katika mashairi ya vina na mizani, ambamo neno lina kiti chake na halisukumwi na kinanda, ataona kwamba washairi wamedhulumiwa. Halafu kuna vita. Katika sanduku la kijani kuna muda mrefu ambapo tarumbeta zinafuatwa na tarumbeta, na nikiri kwamba kwenye filamu sikuchoka, lakini kitini nyumbani nilichoka na nikaenda kununua mahamri. Ukubwa na udogo wa sauti nao ni tabu kwa nyumba zetu: ukiongeza ili usikie filimbi ya Wahobiti, dakika tano baadaye Mordor, nchi ya adui, inawaamsha majirani. Hedifoni ni lazima, au usiku mkubwa wenye stima ya kutegemewa, na viwili hivi vyote si rahisi kuvipata kwa pamoja.

Wimbo wa kufungia filamu ya tatu, aliouimba Annie Lennox na ambao ulipata tuzo ya Oscar mwaka 2004 pamoja na muziki wenyewe, ni mzuri, lakini ukishapitia saa zote zilizotangulia, uwazi wa maneno yake ya Kiingereza unaonekana kama mtu anayekueleza fumbo ulilokwisha kulifumbua. Uliguswa na kifo cha Cameron Duncan, kijana mtengenezaji filamu wa New Zealand aliyefariki kwa saratani mwaka 2003, na kujua hilo kulinifanya niusikilize kwa heshima zaidi, ingawa si kwa mapenzi zaidi.

Anayetaka kununua na hawezi kumudu yote matatu, achukue jekundu kwanza, lakini amwambie muuzaji apige picha ya kijitabu na ya uso wa kila diski kabla ya kutoa pesa. Sanduku la buluu linaweza kusubiri. La kijani nalinunulia wimbo mmoja wa dakika chache na sijuti.

Yangu yatabaki Kibokoni. Shangazi sasa huniomba nimwekee "ile ya msiba" anapochambua mchele, na ingawa nimeshamsomea maana yake, mstari kwa mstari, alinisikiliza hadi mwisho kisha akasema anaipenda zaidi vile alivyoisikia mara ya kwanza. Mchubuko uko papo hapo, karibu na mwisho, ambapo sauti hukwama na kurudia silabi moja mara tatu kabla ya kuendelea. Yeye anadhani ndivyo ilivyoimbwa.