Pentax K1000 ya Marehemu Baba na Mlango Uliofunguliwa Mchana

Simshauri mtu yeyote anunue kamera ya filamu, kwa sababu yaliyonipata katika studio moja ya mjini yameniachia uchungu ambao hata leo, miezi kadhaa baadaye, haujanitoka.

Na kamera yenyewe sina ugomvi. Ni Pentax K1000 aliyoniachia marehemu baba, ambayo kila kitu chake hufanywa kwa mkono: unazungusha pete ya lenzi mpaka sura ya mtu itulie, unachagua kasi ya picha na tundu la kupitishia mwanga, kisha unabonyeza na kusikia ule mlio mzito wa kioo kikiinuka na kushuka. Betri yake, ndogo kama kifungo cha shati, huendesha sindano ya kupimia mwanga tu, na ikiisha kamera inaendelea kupiga. Yangu iliisha zamani, kwani kipimo hicho cha mwanga hakina swichi ya kuzimia nami nilikuwa nikisahau kufunika lenzi, lakini jua la Tanga linajipima lenyewe. Baba alinifundisha kwamba penye jua kali na filamu ya 200, yaani wepesi wake wa kunasa mwanga, weka tundu 16 na kasi ya 1/250 ya sekunde, na ukiingia kivulini ulifungue tundu hatua tatu.

Filamu ninayoizungumzia nilikwenda nayo Pangani kwa bibi. Picha za mwanzo nilipiga kivukoni, watu wakivuka kwenda Bweni. Kuanzia ya 28 hivi nilimpiga bibi barazani akisuka ukili, vidole vikienda bila yeye kuvitazama, na aliponiona nahangaika na pete akacheka, nami nikabonyeza. Bibi hacheki mbele ya kamera. Nilipotaka kumpiga nyingine, mkono wa kusogezea filamu ukagoma. Kwa pupa nikauvuta kwa nguvu, mwisho wa filamu ukang'oka ndani ya kopo lake, ikawa hairudi tena koponi. Kosa hilo ni langu. Dawa yake ni kuifungua kamera gizani, au ndani ya mfuko mweusi, na kuitoa filamu kwa mkono.

Ndivyo nilivyomweleza kijana wa kaunta, mara mbili. Nilimwambia, "Kaka, usiifungue hapa, filamu haijarudi kwenye kopo." Akajibu, "Dada, hizi nimezikuta tangu utotoni," akavuta juu kile kitufe cha kurudishia filamu, mlango wa nyuma ukafunguka chini ya taa ya tyubu. Nilipiga kelele. Akaufunga polepole, kama aliyefunua sufuria kuangalia wali kama umeiva, akasema, "Si sekunde mbili tu?" Kisha akamgeukia mteja aliyetaka picha za pasipoti. Samahani sikuisikia, na bei ya kusafisha nikalipishwa kamili.

Filamu iliyojiviringisha ikipigwa na mwanga huungua tabaka za nje, zenye picha za mwisho, na za ndani hujificha. Kwa hiyo kivuko kilipona chote, na kicheko cha bibi, ambacho kilikuwa juu kabisa, kikatoka cheupe tupu. Nililia palepale kwenye ngazi za studio. Ya 28 peke yake ilisalia nusu: mwanga wa rangi ya chungwa umemfunika bibi uso na mabega, na chini yake imebaki mikono miwili na ukili, kila uzi ukionekana, hata kovu la kidole gumba ambalo maishani mwangu sikuwahi kuliona.

Nilipompelekea, aliishika kwa muda mrefu, akaniuliza kama rangi ile niliitia mimi, kisha akaichomeka kwenye ukingo wa kioo chake, na mpaka sasa haitoi.

Niliyoandika mwanzoni nimeyasoma tena na siwezi kuyasimamia. Ile studio sirudi, hilo sibadilishi. Lakini fundi wa mtaani kwetu amenishonea mfuko mweusi wa tabaka mbili wenye mikono ya lastiki, filamu mpya imo ndani ya kamera, na kabla ya Ramadhani nitakuwa Pangani, barazani.